Mizigo Miwili Imekufa Njiani

Atu mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi, wewe ukiwa na begi mgongoni na mimi nikijifanya sioni unavyolia. Humu nataka tu nikueleze kwa nini Jumapili niliacha chakula mezani nikatoka nje.

Baba yako anadhani nilinuna kwa sababu unaondoka. Ameshawaambia nusu ya Iyunga kwamba binti yake anakwenda Amerika kusoma barua za majenerali, na kila anayepita dukani anasimamishwa apewe habari. "Mama Atu," ananiambia, "watu wanafunga na kuomba wapate bahati kama hii, wewe unakunja uso kama umetafuna kwinini!" Mwache afurahi. Mnyakyusa yule, furaha yake hailali ndani. Lakini mimi sikununa. Nilisikia kichefuchefu, na bado ninakisikia ninapoandika.

Ulikuwa umeshika simu. Mzee Karatasi, huyo mzungu unayekwenda kumfanyia kazi, alikutumia picha ya barua ili ujizoeze, ukaisoma kwa sauti bila kukwama hata mara moja, kama nilivyokufundisha. Ukafika pale yule afande Mjerumani wa zamani anapomwagiza jumbe amletee "mizigo miwili mipya, yenye miguu mizima". Ukaguna, ukacheka kidogo, ukasema, "Mama, huyu jamaa alikuwa na mwandiko mkali!" Kisha ukachota mboga ukaendelea kula.

Sikukukasirikia wewe. Niliyemwona pale ni mimi mwenyewe, wa miaka ile, natabasamu vilevile juu ya karatasi ileile.

Kazi hiyo nenda. Viza imetoka, masweta umenunua, na mambo ya kuvaa vizuri na kwenda kanisani sitayagusa, maana mtu akiwa hajayajua mpaka leo barua haitamsaidia. Ninachotaka ujue ni jinsi uchafu huu unavyomwingia mtu. Ungeingia na sura yake mbaya, tungeufungia mlango. Unaingia na sura nzuri, ndiyo maana naogopa usije ukazoea ukawa kama huyo mzee. Na nina ombi moja, nitalisema nikishakueleza yote.

Unajua kwamba mwandiko ule wa Kijerumani cha kale nilifundishwa na Sista kule misheni Iringa. Ninavyokusimulia siku zote, unaweza kudhani nilikuwa mwanafunzi hodari. Nilikuwa msichana wa jikoni. Sista alikuwa mzee, macho yamemwishia, na dada yake wa kwao alikuwa bado anamwandikia kwa zile herufi za kizamani ambazo hata masista vijana wa Kijerumani hawakuziweza. Akanikalisha karibu na jiko akanifundisha moja moja: hii e inayofanana na n, hii h yenye tumbo juu na tumbo chini. Nikawa namsomea. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini yeye alikuwa anacheka na kulia kwa sauti yangu, nami nikajiona nimepewa kitu ambacho hakuna mwingine anacho Iringa nzima.

Halafu kumbuka tulivyolelewa sisi. Shuleni kwetu mwandiko ulikuwa na maksi zake. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akisema mwandiko ni sura ya moyo, na aliyeandika kama kuku kaparua alichapwa kama mwizi. Babu yako alipokuwa mwenyekiti wa kigango, katibu alichaguliwa kwa mwandiko, si kwa akili, na wakapata katibu mwenye mwandiko wa malaika aliyenywea ulanzi pesa zote za harambee. Hatukujifunza kitu. Hata barua ya kwanza ya baba yako niliirudisha nikamwambia aiandike upya, ndipo nisome kama ananipenda. Ndivyo nilivyokuwa. Mtu akiandika vizuri, nilikuwa nimeshamkubali kabla sijajua kaandika nini.

Basi ndiye mtu huyo Mzee Karatasi aliyemkuta. Sista alikuwa ameshafariki, mimi nimeolewa Mbeya, wewe unasoma shule ya msingi. Alifika misheni akiuliza nani anaweza kusoma maandishi ya Kijerumani ya zamani, wakamwelekeza kwangu. Jina lile alipewa vijijini. Wanasema mzungu yule akiingia nyumbani kwa watu haulizi ng'ombe wala mgonjwa, anauliza karatasi.

Alinieleza kwamba kwao amekusanya barua zilizoandikwa kwa mkono na makamanda wa jeshi la Amerika wa karne ya kumi na tisa, waliopigana wenyewe kwa wenyewe, kisha wakawageukia Wahindi Wekundu. Amezijaza ukutani na kwenye makabati yenye kufuli. Lakini za wale wakubwa zilikuwa zimepanda bei, matajiri wenzake wanazigombania, ndipo akasikia kwamba huku kwetu Wajerumani nao waliandika na hakuna anayezitafuta. Alisema hivyo mbele yangu, bila haya, kama mtu anayesema vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni rahisi kuliko vya mjini. Na mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni rahisi.

Barua aliyoipenda kuliko zote alinisimulia njia nzima tukienda Iringa. Jenerali mmoja anamwandikia mkewe kutoka vitani. Anamuuliza kama mawaridi ya pale mlangoni yamechanua, anamwambia asisahau kuyamwagilia. Katika ukurasa huohuo, mistari michache chini, anamweleza kwamba leo wamechoma maghala ya mahindi ya kijiji kizima na kuwapiga risasi farasi wao wote, ili wenyewe wafe njaa baridi ikifika. Mzee Karatasi alipokuwa ananisimulia macho yalimlowa. Nikadhani analilia kile kijiji. Kumbe ni mawaridi! "Roho ya mshairi, mama," aliniambia, na mkono kaweka kifuani.

Nami Mhehe, niliyekua nikisikia jinsi vihenge vyetu vya nafaka vilivyochomwa na watu wa aina hiyohiyo, nilisema, "Kweli, mzee." Leo nikikumbuka ile "kweli" natamani kusukutua.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla sijagusa barua yoyote, ninawe mikono kwa sabuni, nikaushe, nivae glovu nyeupe. Yeye mwenyewe aliinusa karatasi kwanza, anafumba macho, anavuta pumzi kama mtu aliyefunua sufuria ya pilau. Mimi nikaona huo ni ustaarabu. Haikunipita akilini kujiuliza ni uchafu gani hasa wa mikono yangu unaoweza kuichafua karatasi ya mtu yule.

Sasa nije kwenye ile barua. Ilikuwa milimani juu ya Iringa, kijijini kwa mzee mmoja aitwaye Lukas. Babu yake alikuwa jumbe, yaani aliwekwa na Wajerumani kuwasimamia wenzake. Walikuwa na barua moja tu, imekunjwa ndani ya ngozi, na hakuna kizazi kilichoweza kuisoma. Ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zile za Sista. Nikanawa, nikavaa glovu, nikawasomea. Afande anamsalimu jumbe, anamwita rafiki yangu. Anamshukuru kwa mizigo aliyompelekea bomani. Halafu anasema: "Mizigo miwili imekufa njiani. Lete mingine."

Wewe na mimi, na baba yako, na kila mtu wa huku, tunasemaje? Simu imekufa. Redio imekufa. Betri ya gari imekufa. Kwa hiyo nilipoona mizigo miwili imekufa, nikaelewa kama ningeelewa sokoni: imeharibika, pengine ilikuwa mayai, pengine asali ilimwagika. Nikawaeleza wale watu kwa furaha kabisa kwamba babu yao alikuwa mfanyabiashara mkubwa, anapeleka bidhaa bomani, na bwana mkubwa anamwita rafiki. Mzee Lukas alikuwa anachokonoa kuni zilizokuwa hazihitaji kuchokonolewa. Mkewe akaingia ndani. Nikasema moyoni, wamezidiwa na heshima hawa. Wakatoa barua yao, wakapata mabati na tenki la maji, tukaondoka.

Mwaka uliofuata tukarudi kijiji kilekile, nyumba nyingine, ukoo uleule. Barua ya pili, mkono uleule, mwandiko ule unaolala upande mmoja kama ngano inayoguswa na upepo. Hiyo ndiyo uliyoisoma Jumapili. "Mizigo iliyokufa izikwe hukohuko ilikoangukia, isirudishwe. Niletee mizigo miwili mipya, yenye miguu mizima."

Nilisoma mara ya kwanza nikaona kama nimekosea. Nikarudia. Mayai hayazikwi, Atu. Asali haina miguu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu ningeweza kukudanganya kwamba palepale nililia. Nilifurahi. Nilirukaruka, mtoto wangu, kwa sababu nilikuwa nimetegua kitendawili! Nilimshika Mzee Karatasi mkono nikamwambia, "Mzigo ni mtu! Hapa mzigo ni mtu!" Naye akapiga makofi. "Nzuri sana, mama! Nzuri sana!" Akanitaka nisome tena polepole anirekodi kwenye simu, nami nikasafisha koo nikasoma vizuri, kwa sauti ya kusomea masomo kanisani. Alisema barua ya aina hii hakuna mwenzake aliye nayo, hata wale wenye majenerali wakubwa. Tulipofika mjini tukaagiza kuku na chipsi, nikala mpaka nikaguguna mifupa.

Kinyaa kilikuja baadaye, tena hapahapa nyumbani. Redio yetu ile ya zamani ilikata sauti katikati ya taarifa ya habari. Baba yako akaipiga kibao, kimya. Akasema, "Hii imekufa kabisa. Izike tu nyuma ya nyumba, nilete nyingine." Alikuwa anatania, masikini, hajui lolote. Mimi nikakimbilia nje nikatapika. Siku ile uliniuliza kama nina mimba, nikakuambia ni maharage.

Tangu pale kila nikifumba macho naona watu wawili. Sijui sura zao. Nawaona kwa nyuma tu, mabega na visigino, na nyuma yao mtu amekaa kitini, kalamu yake imechongwa vizuri, anaandika neno mizigo kwa mkono uliotulia, bila kufuta hata herufi. Hapo ndipo ninapochukia kuliko popote. Angeandika kwa hasira ningeelewa. Angetetemeka kidogo. Ule uzuri wenyewe ndio unaoniudhi: alikuwa na wakati wa kuupamba mkia wa kila g.

Nikapanda basi kwenda kwa Mzee Lukas kumwambia ukweli. Nilijiandaa njia nzima jinsi ya kumpunguzia uchungu. Nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikaanza kuzungukazunguka, akanikatiza.

"Mama, sisi tulijua."

"Mlijua nini, baba?"

"Babu yetu alikuwa anatoa watu. Kama mtoto wa mtu kamkosea, anamwandika kwenye safari ya wapagazi. Hiyo habari tumezaliwa nayo. Karatasi hatukuweza kusoma, lakini tulijua ndani kuna nini." Akamwaga punje kwenye ungo. "We ulifikiri tumekupa kwa sababu ya mabati? Tulitaka itoke nyumbani. Ulivyosema alikuwa anauza asali, mke wangu alienda kucheka ndani. Au kulia. Sikumuuliza."

Nilikaa pale nikajiona mjinga wa wajinga. Nilikwenda kuwasomea watu maneno ambayo walishayabeba mgongoni vizazi vitatu.

Lakini nyumba ya tatu kutoka pale anakaa Bibi Veronika, na ukoo wake hauko upande wa jumbe. Uko upande wa mizigo. Mzee Lukas mwenyewe ndiye aliyenipeleka, tena alisimama nje ya ua, hakuingia. Bibi alinipokea vizuri, "Kamwene, mwanangu, kamwene," akanipa kigoda. Kwao kulikuwa na ndugu wawili, kaka za babu yake, waliotolewa kwenda kubeba wakapotea. Hawana kaburi. Kila wanapofanya tambiko wengine wanakwenda makaburini, wao wanasimama njia panda, wanamwaga pombe barabarani wakielekea upande ambao wale waliondokea, kwa sababu hawajui pa kuimwaga pengine. Siku hizi pikipiki zinapita juu yake.

Nikamsomea barua zote mbili kutoka kwenye picha za simu yangu. Sikuvaa glovu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa kuzikwa.

"Kwa hiyo walizikwa," alisema. "Hawakuliwa na fisi."

"Ndivyo alivyoagiza, bibi."

"Wapi?"

"Haisemi. Inasema hukohuko tu."

"Na karatasi yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia iko Amerika, kwa mzee mmoja, ukutani. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. "Mwanangu," alisema, "hapo ndipo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba watu wetu walikufa. Na wewe umepatoa?"

Nilimwandikia Mzee Karatasi airudishe. Akanijibu kwa upole mwingi kwamba huku kwetu ingeliwa na mchwa. Nikamuuliza basi kama katika alizonazo kuna inayotaja mahali. Akasema ipo moja ndefu, aliipata Ujerumani kwa wajukuu wa afande, ambayo afande alimwandikia mama yake habari za safari ile siku kwa siku, kambi kwa kambi. Akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Nilipomwambia nasoma kwa niaba ya watu wa kijijini, kurasa nyingine hazikuja tena. Alisema barua ikishasomwa na kila mtu inapoteza ladha. Ladha, Atu! Tangu hapo amekuwa akitafuta msomaji wa kukaa naye kwake, mbali na wanakijiji, na mwisho akakumbuka kwamba nilikufundisha wewe.

Ndiyo maana sikukataza. Baba yako anafikiri nilikubali kwa shingo upande kwa ajili ya maisha yako. Nimekubali kwa sababu mlango wa kabati lile hakuna mwingine wa kuuingia.

Sikuambii uibe. Sikuambii uzichome pia, maana zikiungua hata wale wawili hawatakuwa popote. Wala sikuambii umchukie mzee wa watu. Utaona ni mkarimu, atakuuliza kila asubuhi kama umelala vizuri, atakununulia koti. Hilo ndilo gumu lake. Mimi nilimpenda, na sehemu fulani bado namwonea huruma, mtu mzima anayelilia mawaridi. Ila jichunge nafsi yako. Siku utakapokutana na mstari unaokushangaza kwa uzuri, ukasikia mwili umekusisimka, weka barua chini uulize: hapa nani kabeba? Ukiona umeacha kuuliza, au unauliza na bado unacheka kama Jumapili, rudi nyumbani. Njoo na nguo ulizovaa. Baba yako nitamweleza mimi.

Na anapokutaka umsomee, usimsomee mizigo. Sema watu. "Watu wawili wamekufa njiani." Atakusahihisha, atasema sivyo ilivyoandikwa, na atakuwa na haki, kwani ndivyo ilivyoandikwa. Sema watu tena.

Ombi langu ni hilo la barua ndefu. Isome yote. Kuna kambi moja humo ambako afande, katikati ya habari za hali ya hewa na mbu na chai, atataja kwamba wawili wameanguka. Pengine ni mstari mmoja, pengine nusu. Tafuta jina la mahali. Usinitumie picha ya barua, usinisifie mwandiko. Niandikie jina tu, la mto, la mlima, la kijiji, lolote aliloandika hata kama amelikosea, sisi huku tutalinyoosha.

Wiki iliyopita nilimpigia Bibi Veronika kwa simu ya mjukuu wake nikamwambia mtoto wangu anakwenda. Magoti yake yamekwisha, kufika kanisani tu anabebwa kwa pikipiki. Nikamwambia jina likipatikana tutatafuta gari, pengine ni mbali, pengine ni porini kabisa, asiwe na wasiwasi.

"Gari la nini?" alisema. "Wenzangu walienda wamebeba. Mimi nitashindwaje na mikono mitupu?"

Nenda, mwanangu. Bibi anasubiri.

Mama yako